Vinundu kwenye thairoidi na matezi shingoni: je, vinahusiana?

SWALI: Shikamoo daktari. Ni mama wa miaka 41. Altrasaundi imeonyesha vinundu viwili kwenye tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, na nina matezi matatu yaliyovimba upande wa kulia wa shingo, mwezi wa pili sasa. Homoni zimepimwa, ziko sawa. Tatizo linaweza kuwa nini?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na hizo homoni, maana majibu yake huwatuliza watu mapema mno. Kipimo kile kinaonyesha thairoidi inavyofanya kazi, hakisemi kinundu ni cha nini. Hata mwenye saratani ya thairoidi mara nyingi homoni zake huwa sawa kabisa.

Vinundu ni vya kawaida, hasa kwa wanawake, na vingi sana si saratani. Huletwa na upungufu wa madini joto, vifuko vya maji, uvimbe usio na madhara, au kinga ya mwili kuishambulia thairoidi.

Kinachonisumbua ni matezi, yaani tezi za limfu za shingoni. Yanaweza yasihusiane na vinundu hata kidogo: jino bovu, tonsili, kidonda kichwani. Ila tezi za namna hiyo huuma, kisha hunywea baada ya wiki chache. Zako zimevuka mwezi. Kwetu huku lazima nifikirie TB ya tezi, ambayo humpata mtu asiyekohoa kabisa. Tezi hushikamana, na baadaye zinaweza kupasuka na kutoa usaha. Kuna pia VVU, na saratani ya tezi za limfu zenyewe. Na ipo saratani ya thairoidi aina ya papilari, ambayo huhamia kwenye tezi za shingo mapema. Hii kwa kawaida hukua taratibu, na wengi hupona wakifanyiwa upasuaji.

Simama mbele ya kioo unywe funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza kwa kawaida ni wa thairoidi. Matezi ya pembeni hubaki palepale.

Ukirudi hospitali, omba kuchukuliwa sampuli kwa sindano nyembamba inayoongozwa na altrasaundi, na sisitiza: isichome kinundu cha thairoidi tu, ichome na tezi ya pembeni iliyovimba. Sampuli ya tezi iangaliwe saratani, na sehemu yake ipimwe TB kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Pima na VVU. Usikubali kuzungushwa na antibayotiki kwa mwezi mwingine. Sauti ikianza kukwaruza, chakula kikikwama, au tezi ikiwa ngumu kama jiwe na haisogei, nenda wiki hii hii. Pumzi ikibana, nenda leo.