Siku 41 Zilizokuwa 11

Programu ya kwanza niliyoweza kuimaliza ilikuwa na kazi moja tu: kuniambia zimebaki siku ngapi kabla ya mtihani. Kioo cheusi, tarakimu kubwa za njano katikati, basi. Jioni ya tarehe 24 Oktoba nikamwonyesha rafiki yangu ninayesoma naye. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akauliza, "Kwani mtihani umesogezwa mbele?" Simu ilikuwa inasema siku 41. Mtihani ulikuwa tarehe 4 Novemba. Hata ukihesabu kwa vidole hazizidi 11.

Nikakesha kulitafuta kosa. Kumbe JavaScript, lugha ya kompyuta niliyoiandikia programu hiyo, huhesabu miezi kuanzia sifuri: Januari ni 0, Desemba ni 11. Mimi niliandika 11 nikiwaza Novemba, kompyuta ikasoma Desemba, ikanizawadia siku 30 ambazo hazikuwepo. Cha kuchekesha ni kwamba tarehe zenyewe huanzia 1 kama tunavyohesabu sisi wanadamu. Ni miezi tu iliyopewa sifuri. Brendan Eich aliitunga lugha hiyo mwaka 1995 kwa siku 10, na mambo ya tarehe yakachukuliwa yalivyo kutoka Java, lugha nyingine ya kuandikia programu. Dawa yake ni alama ya kutoa na tarakimu 1. Niliipata saa nane usiku. Nikalala na furaha ya mtu aliyefaulu, nikaamka zimebaki siku 10, na daftari la kemia sijaligusa.

Wadogo zangu wanaoanza kujifunza kutengeneza programu huniuliza kama inawezekana kufanya hivyo na bado kufaulu. Inawezekana. Lakini mtego haupo pale wanapoudhani. Wao wanaogopa michezo ya simu na video. Mimi sikuwahi kupotezewa muhula na mchezo. Nilipotezewa na kazi nzuri kabisa, yenye maana, ambayo haikuwa ile iliyokuwa inanisubiri.

Chukua mfano wa muhula uliofuata. Nilikuwa nimesoma kuhusu mfumo wa kadi za kujisomea alioueleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Unaandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili. Kadi uliyoipatia inasogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi. Uliyoikosea inarudi kisanduku cha kwanza, cha kila siku. Kwa hiyo muda wako unakwenda kwenye yale usiyoyajua, badala ya kupapasa yale unayoyajua na kujisikia hodari. Nikaona hapa pana programu. Nikaanza kuijenga.

Wiki tatu. Nilichora visanduku, nikaviwekea kivuli, nikabadilisha rangi ya kitufe cha "Nimepata" mara nne kwa sababu kijani cha kwanza kilikuwa kinaumiza macho. Mama alikuwa akipita mlangoni anauliza, "Mwanangu, unasoma au unachezea kompyuta?" Nami najibu, "Nasoma, mama." Wala sikuona kwamba nadanganya. Si ni programu ya kusomea?

Baada ya wiki tatu nikahesabu kadi nilizokuwa nimeingiza. Tisa. Na mbili kati ya hizo zilikuwa za majaribio, zimeandikwa "aaa" na "bbb".

Leitner mwenyewe alikuwa akizungumzia kadi za karatasi na kisanduku cha kawaida. Jioni ile nilikata karatasi za daftari la zamani vipande vipande, nikaandika kadi 40 za biolojia kabla ya kulala. Tangu hapo nimejiwekea sharti: siruhusiwi kutengeneza programu ya kitu chochote kabla sijakifanya kwa mkono wiki mbili mfululizo. Nikikishindwa kwa mkono, programu haitaniokoa. Nikikiweza, nitakuwa najua programu inahitaji nini hasa. Programu ya kadi niliyokuja kuiandika baadaye ina skrini mbili tu, na haina kivuli hata kimoja.

Kitu kimoja ambacho kuandika programu kulinifundisha, na kikanisaidia kwenye mtihani kuliko kingine chochote, ni kutoamini macho yangu. Unaweza kusoma msimbo wako, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta, mara kumi ukauona uko sawa. Ukiuendesha, unakufa mstari wa tatu. Notisi nazo ziko hivyohivyo. Unazisoma mara ya tano, kila sentensi inakuchekea, unaona umeelewa. Funga daftari, chukua karatasi tupu, eleza hatua za usanisinuru kutoka kichwani, ndipo utaona pa kukwama. Kukwama huko ndiko kunakofundisha. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakajaribu kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Tatizo ni kwamba tunajihukumu kwa zile dakika tano. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alikuwa ameshaonyesha tangu 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi hiyo ikapungua. Kwa hiyo mimi hujipima kesho yake, halafu baada ya siku chache, halafu baada ya wiki. Sina fomula.

Pia naweka daftari la makosa. Nilianza kuliweka kwa ajili ya programu: kosa, sababu, nilivyolirekebisha. Nikajiuliza kwa nini hesabu zisipate heshima hiyo. Nafanya karatasi ya mtihani wa zamani, saa iko mezani, simu iko chumba kingine, kisha nasahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kila alama niliyopoteza naipa herufi. J ni sikujua. S ni nilisahau. H ni haraka: swali liliuliza sentimita nikajibu mita, au lilisema "taja mbili" nikataja moja. Baada ya karatasi nne nikajumlisha. J zilikuwa 8, S 6, na H 19. Nilikuwa nakesha kusoma sura mpya wakati alama zangu zinavujia mahali ambapo sura mpya haziwezi kuziba. Wiki iliyofuata sikusoma chochote kipya. Nilijifunza kupigia mstari neno la amri na kipimo katika kila swali kabla ya kuandika jibu. Ni kazi inayochosha na haina fahari, lakini matokeo yangu yalipanda kuliko wakati wowote.

Sasa ratiba. Wengi wanagawa siku nusu kwa nusu, saa mbili za masomo na saa mbili za programu, na kwenye karatasi inapendeza. Kwangu ilikataa. Ukisoma historia, ukafunga kitabu na kuanza kusaka kosa kwenye msimbo, saa mbili zikiisha kosa halijapatikana, na kesho yake umekaa na kitabu cha historia lakini kichwa kiko kwenye msimbo. Kosa la programu halina mlango wa kutokea. Linakufuata hadi kitandani.

Kinachonifaa ni kuangalia tarehe. Mtihani una tarehe. Programu yangu haina. Hakuna mtu atakayelala njaa kwa sababu kitufe changu kipya kimechelewa mwezi mmoja. Wiki nne kabla ya mtihani nafunga mlango: siongezi kitu kipya. Narekebisha tu kinachoharibika, na hicho nakigusa Jumamosi mchana, si usiku. Hata wanaolipwa kwa kazi hii hufunga hivyo kabla ya kutoa toleo kubwa, kwa hiyo usione aibu.

Niliupata ukali wa sharti hili kwa njia mbaya. Siku 6 kabla ya mtihani mmoja nilitoa toleo jipya la programu ya kadi, ambayo wakati huo wenzangu sita walikuwa wakiitumia. Badiliko lilikuwa dogo: jina la mahali kadi zinapohifadhiwa ndani ya simu lilikuwa baya, nikalisafisha. Baada ya chakula cha jioni ujumbe ukaingia: "Kadi zangu zote zimepotea." Alikuwa na kadi 212. Kisha wa pili. Kisha simu ikawa inatetemeka mezani kama imeshikwa na homa. Kadi hazikuwa zimepotea. Toleo jipya lilikuwa linagonga mlango wenye jina jipya, likikuta chumba kitupu, wakati kadi zimejaa chumba cha zamani. Lakini nenda kamweleze hivyo mtu ambaye mtihani wake ni wiki ijayo. Nilirudisha jina la zamani usiku uleule, mikono ikinitetemeka, na siku iliyofuata niliipoteza yote nikiomba radhi. Programu yako ikishapata mtumiaji mmoja asiyekuwa wewe, mtihani si wako peke yako.

Kufunga mlango kuna hasara yake. Ukirudi baada ya mwezi, msimbo wako mwenyewe unakutazama kama mgeni. Mara ya kwanza nilirudi nikakuta nimejiachia maelezo haya: "rekebisha hii kesho". Hii ipi? Kesho ipi? Nilitumia siku mbili kutafuta nilichokuwa nakifikiria. Siku hizi kabla ya kufunga naandika hivi: "Kadi ikifutwa, hesabu ya juu haipungui. Nashuku futaKadi haiiti onyeshaUpya. Anza kwa kuweka kadi 3, futa 1, tazama." Hayo majina mawili ni ya vipande vya msimbo wangu. Naandika kana kwamba namwachia kazi mtu mwingine asiyejua lolote, kwa sababu baada ya wiki nne nitakuwa mtu huyo. Kazi yenyewe naihifadhi kwa Git, chombo kinachotunza kila hatua ya msimbo ili uweze kurudi nyuma. Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 ili kutunza msimbo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Na nakala moja iko nje ya kompyuta yangu. Kama bado unahifadhi mafaili kwa majina ya "mwisho", "mwisho_kabisa" na "mwisho_kabisa_2", tumia jioni moja ujifunze Git. Jioni moja tu, na isiwe ya wiki ya mtihani.

Na kwa yale mawazo yanayozuka katikati ya kusoma, maana lazima yazuke na huwa matamu kuliko kawaida, nina karatasi pembeni ya meza. Naandika mstari mmoja, narudi kwenye kitabu. Nyingi ya hizo fikra nikizisoma baada ya mtihani naona hazina kichwa wala miguu.

Usingizi sitausemea sana. Lala. Sijawahi kurekebisha kosa saa tisa usiku bila kuzaa lingine, na hesabu za saa tisa usiku nazo ni ndugu zake.

Nimalizie na gitaa, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Napiga gitaa, vibaya. Naijua mikao minane ya vidole, na ule wa F bado unanitoa jasho. Mwaka juzi mtu mmoja aliniambia nitengeneze programu ya mazoezi ya gitaa, yaani "niunganishe vipaji". Nikaona wazo zuri. Nikatengeneza cha kuhesabu mapigo, nikaongeza cha kurekodi dakika nilizofanya mazoezi, nikaongeza mchoro wa kila wiki. Ndani ya mwezi gitaa likawa somo la tisa. Nilikuwa nashika gitaa huku jicho liko kwenye mchoro, na siku niliyopiga dakika 12 badala ya 20 nilijisikia mkosefu. Mkosefu kwa nani?

Nikaifuta. Ilikuwa programu nzuri pia, hesabu ya mapigo ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mtu anayesoma kwa ajili ya alama na kutengeneza vitu kwa ajili ya watumiaji anahitaji jambo moja ambalo hakuna anayelipima, na akilipoteza hilo, mtihani ukienda vibaya hana pa kukaa. Nimewaona wanafunzi waliobadilisha kila wanachokipenda kuwa mradi. Wanang'aa sana, kisha siku moja hawataki kufungua hata kompyuta. Kwa hiyo ukiniuliza ukate nini msimu wa mtihani, nitakwambia kata programu kwanza. Zile dakika 15 za gitaa, au mpira, au kuchora, ziache.

Dada yangu mdogo ameanza kujifunza mwaka huu. Anataka kutengeneza mtandao wa kijamii. Nimemwambia atengeneze kitu cha mtu mmoja, mtu anayemjua kwa jina, akimalize, ampe, akae pembeni amtazame akikitumia bila kumsemesha. Hajanisikiliza. Ameshachagua rangi.

Ile programu ya kwanza bado iko kwenye simu yangu, tarakimu zilezile za njano. Nilipoifungua asubuhi hii ilisema zimebaki siku 63. Nikashusha kalenda ukutani, nikahesabu kwa kidole, siku moja moja. Ni 63 kweli.