Kuchapa ḥ, ṣ na ā kwa Caps Lock: tabaka la mara moja katika Kanata

Neno ṣirāṭ lina herufi tatu ambazo kibodi ya dukani haina. Anayechapa vitini vya tajwidi kwa ajili ya chuo, Unguja au Pemba, huzichomoa moja moja kwenye menyu ya alama za Word. Mkono ukichoka, anaandika s tupu mahali pa ṣ. Hapo kitini kimeharibika, maana sini na swadi si herufi moja.

Dawa yake ni kukigeuza kitufe cha Caps Lock kiwe mlango wa tabaka la pili, yaani seti nyingine ya herufi kwenye vitufe vilevile. Unakibonyeza na kukiachia, kisha unabonyeza h, inatoka ḥ. Herufi inayofuata inarudi kuwa ya kawaida yenyewe, bila kidole kidogo kushikilia kitu. Kanata ni programu ya bure inayoifanya kazi hii kwenye Windows, Linux na macOS. Faili lake, tuliite nukta.kbd, ni hili:

(defcfg process-unmapped-keys yes)
(defsrc caps a i u d h s t z e)
(defalias nk (one-shot-press-pcancel 1500 (layer-while-held nukta)))
(deflayer kawaida @nk a i u d h s t z e)
(deflayer nukta _ (unicode ā) (unicode ī) (unicode ū) (unicode ḍ) (unicode ḥ) (unicode ṣ) (unicode ṭ) (unicode ẓ) (unicode ʿ))

Ukitumia Notepad, hifadhi kwa UTF-8 na uhakikishe jina halikuongezwa .txt mwishoni. Likague kwanza kwa kanata.exe --cfg nukta.kbd --check, kisha liendeshe bila --check. Kila tabaka lazima liwe na idadi ileile ya vitufe vilivyomo kwenye defsrc, hapa 10; ukisahau kimoja, faili linakataliwa.

Mstari wa kwanza wengi huuacha, na ndio unaoleta matatizo. Bila huo, Kanata haizioni herufi zisizotajwa. Utabonyeza Caps Lock kwa bahati mbaya, utaandika n, tabaka litabaki wazi, na a inayofuata itatoka ā.

Neno press nalo lina sababu. Ukiweka release, tabaka halifungwi mpaka kitufe kiachiwe. Mchapaji mwepesi hubonyeza a kabla hajaachia h, basi Ḥaji wake anakuwa Ḥāji. Ile pcancel inakuruhusu kubonyeza Caps Lock mara ya pili kughairi.

Namba 1500 ni milisekunde. Anayetafuta herufi kwa macho aweke 2500. Kuzidisha sana si vizuri: Caps Lock iliyoguswa bila kujua itakuvizia sentensi nzima baadaye.

Nukta ya chini ina mtego. Kuna ḥ iliyo herufi moja kamili, na kuna h iliyofuatiwa na nukta ya kuambatishwa. Kwa macho hazitofautiani. Kanata hupokea ya kwanza tu, kwa hiyo ukinakili kutoka PDF ya zamani na faili likakataliwa, tafuta kosa hapo.

Herufi kubwa haziji zenyewe kwa Shift. Badala ya (unicode ḥ) andika (fork (unicode ḥ) (unicode Ḥ) (lsft rsft)). Wakati wa kuchapa tangulia kushika Shift, ndipo Caps Lock, ndipo h. Ukianza na Caps Lock, Shift yenyewe italifunga tabaka.

Ng' ya Ng'ambo usiihangaikie. Alama yake iko jirani na Enter, na kuiwekea tabaka hakukupunguzii kitu cha maana.

Kibodi ikigoma kabisa, bonyeza kwa pamoja Ctrl ya kushoto, Space na Esc: Kanata inazimika na vitufe vinarudi kama vilivyokuwa. Ikigoma ndani ya programu moja tu, huenda hiyo imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Fungua Kanata vivyo hivyo.