Jibu: Kubadilisha themostati ya friji mwenyewe, Malindi

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama themostati ya friji, yaani kile kifaa kinachowasha na kuzima ubaridi, waweza kuibadilisha bila fundi. Waweza, lakini hakikisha kwanza ndiyo mbovu. Chomoa plagi, unganisha zile waya mbili za themostati, zifunge vizuri kwa tepu ya umeme, kisha chomeka. Kompresa, ile mota ya nyuma ya friji, ikiwa ilikuwa kimya na sasa inanguruma, ugonjwa ni themostati. Waya zikiwa zaidi ya mbili, hapo mwite fundi, tafadhali. Volti 240 si za kubahatisha.

Chomoa tena, piga picha kabla ya kufungua, na uende na ile themostati kuukuu dukani upate ya kufanana nayo. Ule mrija mwembamba wa themostati una gesi ndani: usiukunje kwa nguvu, na ncha yake irudi palepale ilipokuwa. Chumvi ya bahari hapa kwetu hula ncha za waya, basi zisugue zing'are.