Maswali Yenu: Tunaenda kwa Wahadzabe, tubebe nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi kijana wa miaka 24, niko Arusha. Kikundi chetu cha uinjilisti tunaenda kwa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi mwezi wa nane, siku tano. Tumeshachanga gunia 10 za mahindi, mitumba, spika na jenereta. Sasa baba mdogo anasema tuwaache hao watu na maisha yao. Nimechanganyikiwa, nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, siwezi kukwambia usiende. Ila hayo magunia na hiyo spika ndio vimeninyima raha tangu nisome ujumbe wako.

Wahadzabe ni watu elfu moja na kidogo tu, wanakula nyama ya kuwinda, asali, mizizi, ubuyu na matunda ya porini. Miaka ya 1960 serikali iliwahamishia Yaeda Chini, kijiji cha huko huko upande wa Ziwa Eyasi, ili wakae pamoja walime, wamishenari nao wakasaidia, watu waliozoea kutawanyika wakarundikwa sehemu moja wakapewa chakula cha kugawiwa, magonjwa yakaingia, watu wakafa, waliobaki wengi wakarudi zao porini. Na waliofanya vile walikuwa na moyo kama wa kwako kabisa, hilo ndio linaloniuma.

Na mimi nilishafanya kosa hilo hilo. Miaka ya nyuma nilienda Mang'ola, huko huko Ziwa Eyasi, na kikundi, tukagawa mitumba, kesho yake mashati yananing'inia kwenye miiba ya mgunga na mtoto mmoja kavalishwa sweta la sufu jua la saa saba. Mzee mmoja akanikalisha chini ya mbuyu, akanimegea sega la asali, bado lina vipande vya magome, akaniuliza kwa Kiswahili naitwa nani. Nikamwambia, afu nikanyamaza, maana siku tatu nzima hatukuuliza jina la mtu yeyote pale, tulikuwa tunahesabu vichwa vya kuandika kwenye ripoti.

Msikilize padre Vincent Donovan, Mmarekani aliyekuwa Loliondo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba misheni ina shule, ina hospitali, lakini hakuna Mmasai mtu mzima hata mmoja anayeishi Ukristo. Akaomba aende kwenye maboma ya Wamasai mikono mitupu aongee habari za Mungu tu. Wazee wakamuuliza, kama hilo ndilo lililokuleta mbona umekaa muda wote huo hujalisema? Akawafundisha mwaka mzima, ikafika siku ya kuchagua wa kubatizwa, akataka kuwaacha wavivu na wasioelewa vizuri, mzee Ndangoya akamkatalia, akasema kwa nini unatugawa, walioelewa wamewasaidia wasioelewa, sisi tunaamini pamoja. Akawabatiza wote.

Kwa hiyo mwanangu punguzeni watu, wanne wanatosha. Anzeni kwa viongozi wa Wahadzabe wenyewe na ofisi ya kijiji, muwaulize kama mnatakiwa. Mwenye kikohozi abaki nyumbani. Spika acheni. Wana ngoma yao ya epeme, inachezwa usiku usio na mwezi, msiite ushetani kitu ambacho hamjauliza. Na baba mdogo mwambie hivi, wakulima na wafugaji hawajawaacha, pori lao linamegwa, mwaka 2011 ndio walipata hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yao Yaeda. Waulizeni habari za ardhi kabla hamjafungua Biblia, mtakaa hapo mpaka jua linazama.

SWALI: Mama, ni sawa Wamasai kusali kwa jina la Enkai, yaani Mungu kwa Kimasai? Mchungaji wetu anasema huo ni upagani.

JIBU: Biblia yao ya Kimasai yenyewe imeandikwa Enkai mdogo wangu, watu wanabatizwa kwa jina hilo na wanazikwa kwa jina hilo. Afu hata sisi, mmishenari Mjerumani Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo pale Mombasa mwaka 1844, neno Mungu alilikuta midomoni mwa Waislamu wa pwani, akalichukua vile vile lilivyo.