Kwa nini vyuo vya Marekani hufunga mazoezi ya Agosti, na mzazi aulize nini

Mkuu, umeuliza kwa nini dada yako alizuiwa getini alipokwenda kumwona mwanawe akifanya mazoezi ya futiboli ya Kimarekani chuoni, na kama kuna kitu wanaficha. Kipo. Vipo kadhaa, na vingi havimhusu dada. Nilisoma chuo kingine huko majimbo ya kati, na kazi iliyonilipia sehemu ya ada ilikuwa kutunza vifaa vya timu. Agosti zangu zote za uanafunzi ziliishia ndani ya uzio wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona.

Anza na ratiba. Sisi tumezoea Simba Day na Wiki ya Mwananchi: timu inatambulishwa, inacheza mechi ya kirafiki, mashabiki wanamwona mchezaji mpya na kuanza kubishana vijiweni. Vyuo vya Marekani havina mechi ya kirafiki kabla ya msimu. Vijana wanaingia kambini mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, wanapikwa kama wiki nne, halafu mechi ya kwanza kabisa inahesabika. Na msimu wa kawaida una mechi 12 tu. Mpinzani wa kwanza ana mikanda yako ya mwaka jana, lakini kama umebadilisha kocha wa ushambuliaji au kwotabeki, yule anayeanzisha kila shambulizi, mikanda hiyo haimsaidii sana. Mechi moja ikishachezwa, kila mtu ana picha zako na siri inapungua bei. Kwa hiyo Agosti ndiyo wanajichimbia.

Ndani kukoje? Honi. Kila dakika tano honi kubwa inalia na makundi yanahama: wapiga mateke huku, mabeki kule, washambuliaji wanasukumana na mitambo ya chuma. Spika zinapiga kelele za mashabiki kwa sauti ya kuumiza masikio ili wachezaji wazoee kutosikiana. Sisi watunza vifaa tunaweka mpira kwenye alama, tunakimbiza maji, na siku nyingine tunachovya mipira kwenye ndoo ili waizoee ikiwa imelowa. Waandishi wa habari wanaruhusiwa dakika chache za mwanzo, wakati wa kunyoosha viungo, kisha wanasindikizwa nje kwa heshima zote. Uzio umefunikwa turubai. Mmoja wetu alikuwa na kazi ya kutupia jicho paa la maegesho ya magari lililokuwa jirani, na akiona mtu kasimama na simu anamtaarifu mlinzi.

Utacheka, lakini upelelezi upo kweli. Wapenzi wa soka mnakumbuka Januari 2019, mfanyakazi wa Leeds alipokutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby. Kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa, alikiri mwenyewe na klabu ikapigwa faini ya pauni 200,000. Olimpiki ya Paris 2024, Kanada wanawake walinyang'anywa pointi sita kwa droni iliyorushwa juu ya mazoezi ya New Zealand. Huko vyuoni, mwaka 2023 timu ya chuo cha Michigan iliingia kwenye sakata la mfanyakazi aliyepanga watu waende kwenye mechi za wapinzani kurekodi ishara za makocha, jambo lililokatazwa tangu 1994. Mwaka uliofuata vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kuweka redio ndani ya helmeti ili kocha aongee na mchezaji mmoja uwanjani moja kwa moja, badala ya kutegemea ishara zinazoibika.

Lakini mimi sikuwahi kuamini kwamba turubai lile liliwekwa kwa ajili ya mbinu peke yake. Ukitaka kujua watu wanachungulia nini, angalia rangi za jezi. Kwotabeki anavaa rangi yake ili asiguswe. Majeruhi nao mara nyingi wana rangi yao, na walio wabaya zaidi wako pembeni wanaendesha baiskeli isiyotembea. Mtu mmoja akipita na kuona nani yuko kwenye baiskeli, amepata habari yenye pesa. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa sheria iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha kubeti michezo, na tangu hapo goti la mwanafunzi wa miaka 19 ni mkeka wa mtu. Baadhi ya ligi sasa zinalazimisha timu kutangaza nani hatacheza kabla ya mechi: Big Ten tangu 2023, SEC tangu 2024. Mazoezi ya Agosti hayamo. Sisi wenyewe tulisainishwa kwamba hatutasema lolote, hata kwa mtu unayelala naye chumba kimoja.

Ongeza na pesa. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa. Kuhama nako kumerahisishwa. Kocha mwenye kijana mzuri aliyejificha benchi hataki jirani amwone akiwaka.

Hayo yote ni mambo yao, na dada akiyasusia hapotezi kitu. Sasa yanayomhusu.

Juni 2018 alifariki Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa chuo cha Maryland. Wiki mbili kabla, mwishoni mwa Mei, walikimbizwa mbio fupi za yadi 110, mara kumi, yeye akazidiwa na joto. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuzamishwa kwenye maji baridi na kwamba zaidi ya saa moja ilipita tangu dalili kuanza hadi gari la wagonjwa kuondoka naye. Haikuwa hata kambi ya Agosti, yalikuwa mazoezi ya kawaida ya nje ya msimu, bila mzazi wala mwandishi wa kuuliza mbona huyu anayumba. Mwaka huo huo kocha mkuu alifukuzwa.

Kiharusi cha joto kinatibika, mkuu, na ndiyo maana kinauma. Mtu joto la mwili likipita nyuzi 40 na akaanza kuchanganyikiwa, unamzamisha kwenye pipa la maji na barafu hapo hapo uwanjani, na lengo ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Hospitali baadaye. Kwa hiyo dada asiulize wanacheza mfumo gani. Aulize pipa la barafu liko wapi na kama linajazwa kabla ya mazoezi au mtu akishaanguka. Aulize nani ana kauli ya mwisho ya kusimamisha mazoezi, kocha au mtaalamu wa tiba. Na aulize swali ambalo sikuwahi kusikia mzazi akiliuliza: ambulansi inaingilia geti gani, na ufunguo anao nani? Geti lililofungwa kwa ajili ya wapelelezi limefungwa kwa ajili ya kila mtu. Kwetu ufunguo wa geti la nyuma ulikuwa unahama mfukoni mwa mtu hadi mtu, nikaona tunacheza na moto, mpaka fundi mmoja mzee wa viwanja akaugongelea msumari kwenye kibanda cha maji na kukataza usitoke hapo.

La pili ni la familia yenu zaidi. Pwani na Kanda ya Ziwa watu wengi wanabeba kinasaba cha selimundu bila kuumwa chochote. Mbebaji anaishi vizuri, anacheza vizuri, lakini akikimbizwa bila kupumzishwa chembe za damu zinaweza kujikunja na misuli ikaanza kufa. Wengine wanadhani ni mkakamao tu wa misuli na wanamfokea ainuke. Septemba 2006 Dale Lloyd wa chuo cha Rice alizidiwa namna hiyo baada ya mbio za yadi 100 mara 16, akafariki kesho yake. Tangu 2010 vyuo vya Daraja la Kwanza vinatakiwa kupima wachezaji wapya. Kijana apime, ajue majibu yake mwenyewe, na yule mtaalamu wa tiba ayajue pia. Akibainika anabeba, haina maana aache kucheza. Maana yake aongezewe mazoezi taratibu, apewe muda wa kupumua kati ya mbio na mbio, na akisema miguu inagoma asibishiwe.

Sheria zenyewe zimekazwa kuliko zamani. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliwapeleka wachezaji wa chuo cha Texas A&M mji wa Junction, siku kumi kwenye ukame, wengi wakatoroka usiku. Leo mazoezi mawili mazito kwa siku yamepigwa marufuku tangu 2017, na siku mbili za kwanza wanavaa helmeti tu bila pedi za mabega. Ukaguzi mwingine ni mdogo lakini unasema mengi: kwetu kila mchezaji alipimwa uzito kabla na baada ya mazoezi, na ambaye hakuurudisha kesho yake asubuhi hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Dada ampigie kijana usiku, baada ya vikao vyao, amuulize leo amepungua kilo ngapi. Akijibu bila kufikiria, pale wanapima. Akisema hajui, kesho dada apige simu ofisi ya tiba, sio ofisi ya kocha. Kocha atamwambia kila kitu kiko sawa.

Kuhusu kumwona akicheza, timu nyingi zina siku moja ya familia ndani ya kambi, mara nyingi siku wanayocheza wao kwa wao. Kijana anaijua tarehe. Pengine anamficha mama yake ili asije kumpigia vigelegele mbele ya wenzake.