Mwili ulikumbuka kabla yako

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila bibi yako anakohoa kidogo. Ujumbe wako wa Jumapili niliusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa juu ya kitanda chako. Ulisema: "Mama, nina miezi 14 sijagusa unga wa heroini. Jana fundi mwenzangu kafunga misumari kwenye kipande cha nailoni, mimi nikaona kete ya unga. Nikaanza kupiga miayo, pua ikachuruzika, tumbo likanikata, yaani kama nina arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Wewe umegawa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu, dirishani miaka yote ile. Hivi hakuna dawa ya kukifuta kitu hiki kichwani? Halafu, Idi nije nyumbani?"

Kwanza nikutoe hofu. Hiyo haikuwa dalili kwamba umeanza kurudi nyuma. Huko Lexington, Kentucky, Marekani, palikuwa na hospitali ya serikali ya waraibu, na daktari mmoja, Abraham Wikler, aliyaona hayohayo katika miaka ya 1940. Wagonjwa waliokwisha kutoka kwenye arosto siku nyingi walikaa kikao cha mazungumzo. Ikitajwa tu dawa ya kulevya, watu wanapiga miayo, macho yanalenga machozi, mafua yanawashika. Wikler akaelewa kwamba mwili umejifunza. Kwa miaka kete ilitangulia na unga ukafuata, basi mwili ukiona kete huanza kujiandaa, hata kama mwenyewe umeapa.

Mimi nilikuwa nikikuambia huna msimamo. Nilikuambia mbele ya wajomba zako. Nilikosea, na ninakuomba radhi kwa maandishi ili ubaki nayo.

Sasa hiyo dawa ya kufuta. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kuwa kumbukumbu ikishakomaa ni kama zege, huigusi tena. Mwaka 2000, New York, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walimfundisha panya kuogopa mlio fulani, kwa kuufuatisha na shoti ya umeme. Baadaye wakampigia mlio ule mara moja tu, bila shoti, kisha wakamdunga dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Walimdunga ndani ya amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu. Kesho yake mlio ukapigwa, na hofu ilikuwa imepungua sana. Lakini panya waliodungwa dawa ileile bila kwanza kusikilizishwa mlio waliganda kwa woga kama zamani.

Hapo ndipo kwenye uzito wenyewe. Kumbukumbu inaguswa ikiwa imefunguliwa, na kinachoifungua ni kuikumbuka. Mwangalie dada yako anavyofumua nywele za mteja: zikishafumuliwa hazibaki na mtindo wa jana, lazima zisukwe upya. Ubongo nao, kila ukikumbuka, unafumua kidogo na kusuka tena, na kusuka huko kunachukua saa kadhaa. Katika saa hizo unaweza kuingiza mkono.

Mwaka 2012 watafiti wa China, akina Yan-Xue Xue na Lin Lu, waliutia mkono huo kwa watu wa heroini waliokuwa wamelazwa Beijing wakiwa wameacha. Hawakuwapa dawa yoyote. Waliwaonyesha video ya dakika 5 ya watu wakitumia, ili kumbukumbu ifunguke. Wakasubiri dakika 10. Kisha kwa muda wa saa nzima wakawaonyesha tena na tena vitu vya unga, picha, vifaa, na unga haufuati. Kundi jingine lilifanyiwa vilevile, ila lilisubirishwa saa 6 kabla ya ile saa nzima. Miezi 6 baadaye, waliosubiri dakika 10 hamu yao ilikuwa bado iko chini wakionyeshwa vitu vile. Wa saa 6 hawakupata nafuu hiyo. Somo lilikuwa lilelile, tofauti ilikuwa saa. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka vijana wangu wa dirishani, wanakunywa dozi asubuhi, jioni wanapita uchochoro uleule.

Lakini sitaki nikutie matumaini ya haraka. Walichopima Beijing ni hamu, watu wakiwa hospitalini. Hawakupima kama mtu alirudi mtaani akashinda. Wengine waliojaribu njia za namna hiyo hawakupata majibu yaleyale kila mara. Nakusihi usijifungie chumbani na video za watu wanaovuta ukidhani unajitibu. Kuifungua kumbukumbu bila mtaalamu pembeni ni kujichokoza. Na hata siku njia hii ikikamilika, haitakusahaulisha miaka ile. Utakumbuka kila kitu. Kinacholegea ni ule mvuto.

Kuhusu Idi, usije.

Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili, nikairudisha. Kijiwe bado kipo nyuma ya ukuta wetu, na dirisha la chumba chako linatazama kulekule. Askari wa Marekani waliokwenda Vietnam, kama mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini akiwa kule. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia walivyorudi kwao, na mwaka wa kwanza, kati ya kila 100 waliokuwa waraibu, kama 5 tu ndio walionaswa tena. Yapo mengi yaliyowasaidia, ila mimi naona kubwa ni kwamba mahali walipotumia walipaacha ng'ambo ya bahari. Wewe mahali pako ni hapa kwangu. Na mwili wako wa leo hauwezi kubeba kipimo cha zamani. Mara moja tu ingetosha kukuua.

Nitakuja mimi Unguja, boti ya asubuhi, siku mbili kabla ya Idi. Bibi kasema nikubebee visheti. Ikikujia tena kabla sijafika, mwambie msimamizi wako palepale, usingoje usiku. Na fundi mwenzako mwombe misumari aiweke kwenye kopo.

Mama yako