Barua kwa mwanangu: mbuyu haupandwi, unaachwa

Mwanangu, baba yangu kwa jina,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili na mama yako, mara ya tatu nikamshikia bibi yako simu sikioni. Unauliza zamani mbuyu tuliutumia kwa kazi gani, maana yule mnunuzi wa unga wa ubuyu anataka maelezo ya matumizi ya jadi ayaandike kwenye pakiti. Halafu mwishoni, sauti ikiwa imeshuka, ukataja kwamba mkataba unataka mbuyu wetu uzungushiwe uzio, na mabuyu yanayoanguka yaokotwe na watu wa boma letu tu. Hilo hukuliuliza. Umelitaja tu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi ndilo lililoninyima usingizi.

Basi nianze na ulichouliza.

Kazi yake kubwa kwetu ni chakula. Buyu hukaukia mtini lenyewe. Ukilipasua juu ya jiwe, ndani ya lile gamba lenye manyoya mororo unakuta ubuyu umekwisha kukauka, vipande vyeupe vimeshikana kwa nyuzi nyekundu, kila kipande kimefumbata kokwa yake. Hauhitaji kuanikwa juani wala kukaushwa motoni. Ndiyo maana tuliuweka guniani mpaka msimu mwingine. Bibi yako aliutwanga kinuni kwa mchi mwepesi, taratibu, unga uachane na kokwa bila kokwa kupasuka, kisha akauchekecha. Uji ukishaiva na sufuria imeshaepuliwa, hapo ndipo unga wa ubuyu ulipoingia. Ole wako uutie uji ukiwa bado motoni! Siku hizi tunaambiwa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule, na kwamba moto huiharibu. Bibi yako hakuwa na neno vitamini. Alisema ubuyu uliochemka umekufa. Mwandikie mnunuzi hivyo hivyo, kwa maneno ya bibi yako.

Maji yake yalikuwa ya mgonjwa. Mwenye homa, aliyeharisha, aliyekataa chakula, wote walirowekewa ubuyu katika maji ya uvuguvugu, ukakorogwa, kokwa zikatolewa, akanywa kidogo kidogo. Kokwa nazo hazikutupwa: zilikaangwa, zikatwangwa, zikaunga mboga. Zina mafuta, na siku hizi watu huyakamua ya kupaka. Zile zilizobaki na ubuyu wake ndizo wanazopika kwa sukari, rangi nyekundu na pilipili, ulizokuwa ukinunua nje ya lango la shule ukarudi na shati jekundu kifuani. Gamba lilikuwa chombo cha kutekea maji mtungini. Kwetu neno buyu ni tunda na ni chombo pia. Mauwa tuliyaachia popo. Hufunguka magharibi, meupe, yameinama, na kesho yake yako chini yamegeuka kahawia. Watu husema mbuyu huu dume na ule jike, kwa kuwa mmoja unazaa sana na mwingine hauzai, ingawa ua lenyewe lina sehemu zote mbili. Nyuki hawabagui.

Majani machanga tuliyachuma mvua zikianza, tukayapika kama mboga nyingine yoyote. Huko Mali na Nigeria huyakausha wakayasaga, yakawa unga wa mchuzi wa mwaka mzima. Watu wanapenda kusema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na wanaosema wengi wao hawajawahi kuuona ukiwa mchicha. Mche wa mbuyu haufanani na mbuyu. Jani la mti mkubwa limegawanyika kama vidole vya mkono. La mche ni moja, refu, la kawaida, hata aliyekulia chini ya mbuyu hulipita asilijue. Anayepalilia huling'oa akidhani ni gugu. Likimponyoka yeye, mbuzi halipi nafasi. Kwa hiyo ukiuona mbuyu mkubwa katikati ya shamba, ujue kuna mtu, siku moja, alisimamisha jembe. Mbuyu haupandwi, mwanangu, unaachwa. Najua utaniambia siku hizi kuna vitalu vinavyootesha miche, nami nimeviona na nimefurahi. Lakini hata huo ukishautia ardhini utauacha tu, maana miaka ya kuungoja uzae ni mingi, na atakayeyaokota mabuyu yake pengine ni mtu usiyemjua.

Gome ni kamba. Hili nataka uliandike vizuri kwa sababu umelipanda kwa miguu yako. Ile mikunjo kwenye mbuyu wetu, upande wa machweo, usawa wa kifua changu, uliyokuwa ukiitumia kama ngazi, ni makovu ya kamba. Babu wa babu yako alichuna pale. Huchuni mti kuuzunguka wote. Unachuna upande mmoja, unatoa nyuzi za ndani, unaziponda, unaziloweka, unazisokota. Zilifunga nguzo za nyumba, zikafunga ng'ombe. Wakamba walizifuma vyondo, vile vikapu vyao. Mti ukishachunwa hulirudisha gome lake, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Mbao hauna, kuni hauna, makaa hauna. Ndani umejaa maji kama sifongo. Mimi huamini ndiyo sababu mibuyu imebaki mingi Kilifi. Ungekuwa mvule, ungeukuta kwenye milango ya watu.

Ila hata kutokuwa na mbao hakukuitosha kuinusuru yote. Unakumbuka mwaka 2022 tuliposimama wewe na mimi kando ya barabara ya Mombasa, lori linapita polepole na mbuyu mzima umelazwa, mizizi imekatwa? Mibuyu kama ule ilikuwa ikipelekwa Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe bustanini. Wenye mashamba walisema ule mti unawamalizia nafasi ya mahindi, na pesa walizopewa hawajawahi kuziona kwa mahindi. Novemba mwaka huo Rais Ruto akaagiza uchunguzi kama kibali kilikuwa halali. Siku ile wewe ulisema mwenye shamba ana haki ya kuuza kilicho shambani mwake. Mimi nikanyamaza. Ulidhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu ya jambo ambalo sijawahi kukusimulia, na bibi yako ndiye aliyeniambia jana, baada ya kusikia sauti yako kwenye simu, "Mwambie mtoto. Ana jina la mzee, ana haki ya kujua."

Nilikuwa darasa la tano. Mwaka huo vuli ilikataa, na masika ikaja ikalowesha vumbi ikaondoka. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Babu yako alikuwa na watoto saba. Akatuita sisi wavulana watatu akasema kuanzia leo mbuyu unalindwa, buyu lolote linaloanguka ni letu, na atakayeonekana chini yake apigiwe kelele. Hakuna aliyewahi kulinda mbuyu. Watu walipita njiani, wakaokota moja mbili, wakaendelea. Lakini baba amesema.

Asubuhi moja ilikuwa zamu yangu. Nikamwona mama mmoja wa kitongoji cha pili, mtoto mgongoni, ameinama. Alikuwa amefunga mabuyu kwenye ncha ya leso. Nikapiga kelele kama nilivyofundishwa, tena nikapiga kwa furaha, mwanangu, kama mtu aliyenasa ndege. Babu yako akaja. Hakumtukana wala hakumgusa. Alimwambia afungue leso. Mabuyu yakabingirika: matano. Akayahesabu kwa fimbo. Kisha akamwona mtoto.

Mtoto alikuwa ameshapewa kipande. Alikuwa akimumunya kokwa, mdomo umepakaa unga mweupe, na kipande kingine kakishika mkononi, vidole vyote vitano vimekuwa vyeupe. Baba akanitazama mimi. Hakusema neno. Nami nikanyoosha mkono nikavifungua vile vidole, kimoja kimoja, nikakitoa kile kipande. Mtoto hakulia. Aliutazama mkono wangu tu.

Yule mama akaifunga leso yake tupu. Akasema, "Hapa nilimkuta mama yangu akiokota." Basi. Akaondoka na njia yake.

Usiku ule bibi yako alipika uji bila ubuyu. Gunia lilikuwa palepale pembeni ya kinu, limejaa. Ukaja uji mtupu, hauna uchachu, na baba akaunywa mpaka mwisho bila kuuliza. Kesho yake vivyo hivyo. Na kesho kutwa. Sikumbuki ni siku ngapi, lakini nakumbuka ladha ya ule uji kuliko chakula chochote nilichokula utotoni.

Sasa usimhukumu mzee haraka. Mimi nimemhukumu miaka yote hii na kila nikimaliza naanza upya. Alikuwa na midomo tisa ya kulisha, na mti uko ndani ya mpaka wake. Mama yule angeruhusiwa, kesho wangekuja kumi, na watoto wa nani wangelala njaa? Mimi, na shangazi zako. Pengine nipo hai kwa sababu ya ule ulinzi. Hilo ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba hakuupanda. Hakumwagilia hata kata moja. Aliukuta, kama yule mama alivyoukuta. Mbuyu haupandwi, unaachwa, na ukiuliza uliachwa na nani na kwa ajili ya nani, huwezi kuchora mpaka kuuzunguka ukatulia. Halafu najijibu tena: njaa haina nafasi ya maswali hayo. Na mkono uliovifungua vile vidole haukuwa wa baba.

Alipougua mara ya mwisho, wewe ukiwa bado hujazaliwa, alikuwa hali kitu ila maji ya ubuyu. Jioni moja nikimshikia kikombe akaniuliza kama watu wa yule mama bado wapo kule kitongojini. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Walikwisha hama. Nilimwambia sijui kwa sababu sikutaka tulizungumze, na hatukulizungumza tena.

Ndiyo hayo. Kuhusu biashara yenyewe, usidhani naipinga. Tangu mwaka 2008, Umoja wa Ulaya uliporuhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula, ilikuwa lazima siku moja mtu atafika hadi mlangoni kwetu. Mabuyu mangapi yameoza pale chini miaka ya neema? Mdogo wako anahitaji karo, na wewe umechoka kutuma pesa nyumbani huku mwenyewe unalala kwa rafiki. Kuuza ubuyu si kuuza mti. Unauacha umesimama na unakula nao. Nikilinganisha na lile lori, hili ni jambo jema na ninalisema kwa moyo mmoja.

Lakini uzio! Nataka kukwambia usisaini, na nimeandika neno hilo nikalifuta mara mbili. Shamba nimekwisha kuligawa, sehemu ile ni yako, na nilijiapia sitafanya kama baba, kumtazama mtoto wangu na kumwachia macho yaamue. Kwa hiyo sikutazami. Muulize tu yule bwana kama anaweza kununua yale tutakayoyaokota sisi bila kutulazimisha kuwazuia wengine. Akisema haiwezekani, muulize kwa nini, na unipigie simu unieleze alivyojibu, neno kwa neno. Baada ya hapo uamuzi ni wako, nami nitashika hata nyundo ya kupigilia nguzo kama utasema zipigiliwe.

Bibi yako anakusalimu. Anasema kwenye yale maelezo ya pakiti usisahau kuandika kwamba uji huepuliwa kwanza. Mabuyu yameanza kudondoka. Jana asubuhi nilikwenda nikaokota manane, nikamletea ayatwange, yaliyobaki nimeyaacha pale njiani.

Ni mimi baba yako.